Walimpa Umbopa Mkuki, Wakamnyang'anya Mdomo

Wasee wa Bumala. Na kwa wageni: Bumala ninayosema mimi ni Busia na Malaba, sisi watu wa boda, sio ile senta ya Bumala ukielekea Butula. Tumeelewana? Haya.

Leo nina hasira na muvi ya mwaka 1950.

Najua utaniuliza, wewe kijana umezaliwa juzi, muvi ya 1950 imekukosea nini? Tulia nikueleze.

Kuna klipu imekuwa ikizunguka kwenye simu za watu. Wanaume warefu, wembamba, wanaruka na kukanyaga ardhi kwa pamoja, ngoma zinalia, rangi ni safi utadhani imepigwa jana. Chini mtu ameandika ati hii ndiyo Afrika yetu kabla haijaharibiwa. Na watu wetu wanamwaga mioyo na bendera. Juzi beshte yangu wa Malaba alinitumia, akaandika, "Buda, ona venye tulikuwa."

Venye tulikuwa wapi? Hiyo klipu ni kipande cha muvi inaitwa King Solomon's Mines, ya kampuni ya MGM ya Marekani. Wale wachezaji ni Watutsi wa Rwanda, enzi hizo Wabelgiji ndio wanatawala, na walipigwa picha pale Astrida, mji ambao leo unaitwa Huye. Kwenye muvi hawachezi kama Wanyarwanda. Wanaigiza watu wa Umbopa, ambao kitabuni wanaitwa Wakukuana. Na Wakukuana hawajawahi kuwepo duniani. Walitungwa na Mwingereza anaitwa Henry Rider Haggard kwenye riwaya aliyoichapisha 1885, Malkia Victoria akiwa bado kwenye kiti.

Kwa hivyo fikiria vizuri. Mwafrika wa kweli ameambiwa aigize Mwafrika wa kutungwa, mzungu amepiga picha, miaka sabini na kitu baadaye sisi tunajitumia hiyo picha na kuambiana ati ona venye tulikuwa. Hapo nani amechezwa?

Nikaangalia tena ile klipu. Pembeni, kwa maandishi madogo, kulikuwa na jina la ukurasa wangu.

Ndio. Mimi ndiye niliiweka. Miaka miwili iliyopita, ndio nimetoka chuo, sina mbele wala nyuma, nikaipata mahali, nikaikata, nikaiandikia maneno matamu, nikaiachilia. Mpaka leo hakuna posti yangu imewahi kuangaliwa kama hiyo. Wengi wenu mnaosoma hapa mlikuja kwa sababu yake. Kwa hivyo hii hasira sio ya kumsuta mtu mwingine tu. Naanza na mimi.

Baada ya hapo nikafanya kitu nilifaa kufanya mwanzo. Nikasoma kitabu. Na sasa naweza kuwaambia shida sio ile ngoma peke yake. Shida ni kwamba kwenye hicho kitabu kuna mtu, na kwenye zile muvi huyo mtu ameibiwa. Anaitwa Umbopa.

Wazee wengine wa Afrika Mashariki wanamjua. Frederick Johnson, huyo aliyekuja kuwa katibu wa kwanza wa ile Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 kusanifisha Kiswahili, alikuwa ameshaitafsiri riwaya hii mwaka 1929 kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani. Wanafunzi wa enzi za ukoloni waliisoma darasani. Yaani Umbopa aliongea Kiswahili miaka ishirini kabla MGM hawajafika hapa na kamera zao.

Hadithi yenyewe kwa ufupi. Mwindaji mzee Allan Quatermain, Sir Henry Curtis na Kapteni Good wanaenda kumtafuta ndugu yake Sir Henry aliyepotea akitafuta almasi za Sulemani. Kabla hawajaondoka anakuja Mwafrika mrefu, anaomba kuandamana nao, na hataki mshahara. Anajiita Umbopa. Anasimama karibu na Sir Henry, wanalingana kwa urefu, na anamwambia wazi kwamba wao wawili ni wanaume sawa. Quatermain anakasirika, anamwona ana mdomo mrefu kwa mtumishi. Njia nzima Umbopa anaongea. Anaongea juu ya maisha, juu ya kifo, juu ya safari. Wakishavuka jangwa na milima wanagundua huyo mtumishi ndiye Ignosi, mfalme halali wa Wakukuana. Baba yake aliuawa na ndugu yake pacha, Twala, na mama yake akamtoroka naye akiwa mtoto. Ana alama ya nyoka amezungushwa kiunoni. Vita vinapigwa, Twala anakatwa kichwa, Ignosi anapata kiti cha baba yake.

Sasa niambie, hiyo ni hadithi ya nani? Mtoto aliyefukuzwa, akakulia ugenini, akarudi akiwa amejificha kama mpagazi, akachukua ufalme wake. Ukimpa bibi yeyote wa hapa Samia akusimulie kando ya moto, ataanza na huyo mtoto. Hao wazungu watatu atawaweka pembeni, watu waliopita njia wakasaidia kidogo.

Haggard hakufanya hivyo, sawa, ni Quatermain anayesimulia. Lakini angalau alimwachia Umbopa mdomo.

Twende kwenye muvi sasa. Zile kubwa ni tatu: ya 1937, ya 1950 na ya 1985. Zote tatu zimefanya kitu kimoja. Zimeongeza mwanamke mzungu ambaye kwenye kitabu hayupo. Hayupo kabisa. Quatermain mwenyewe anajigamba mwanzoni kwamba kwenye historia yake yote hakuna gauni. 1937 wakaweka msichana wa Ireland. 1950 wakaweka Elizabeth Curtis, ameigizwa na Deborah Kerr, eti ndiye anayemtafuta mume wake. 1985 wakamweka Sharon Stone. Ukishaweka huyo mwanamke, muvi inageuka swali moja tu: atampenda Quatermain saa ngapi? Kuna mahali kwenye ile ya 1950 Kerr anajikata nywele porini kwa mkasi, anaosha, na zinatoka zimejikunja vizuri kuliko mtu ametoka saluni. Muvi inapata muda wa nywele. Muda wa Umbopa haipati.

Na kitabuni kuna mwanamke Mwafrika, Foulata, anayemuuguza Kapteni Good, wanapendana, na anakufa akimzuia mchawi Gagool asiwafungie pangoni. Kwenye muvi ya 1950 Foulata hayupo. Yaani mapenzi yalikuwepo kwenye hadithi tayari! Waliyatoa, wakaleta mengine kutoka nje, kama mtu anayemwaga ugali wa nyumbani ndio aende dukani akanunue mkate.

Najua kuna msomi ameshaanza kukuna koo. "Kijana, kila muvi inakata kitabu." Kweli kabisa. Wuthering Heights ya 1939, ile ya Laurence Olivier, ilitupa karibu nusu nzima ya pili ya kitabu cha Emily Brontë, na watu bado wanalia wakiitazama. David Lean alipotengeneza Great Expectations ya Dickens mwaka 1946 alimtoa Orlick, mtu mbaya kabisa kwenye kitabu, na muvi ikasimama sawa. Kukata sio dhambi. Riwaya za enzi ya Victoria ni nene kama matofali, huwezi kuzimaliza kwa masaa mawili. Swali langu ni lingine: unakata nini? Lean akimtoa Orlick, Pip anabaki Pip. Ukimtoa Ignosi kwenye Mashimo ya Mfalme Sulemani, unabaki na wazungu watalii na wanyama.

Na hebu niwe muungwana, kwa sababu sitaki mtu aniambie nimeficha. Muvi ya 1950 ina mazuri yake. Kitabuni, anayemuua Twala ni Sir Henry. Mzungu ndiye anampigania mfalme mweusi vita vyake. Kwenye muvi, Umbopa anapigana mwenyewe, mkuki kwa ngao, mbele ya watu wake. Hapo MGM walimshinda Haggard, na nasema asante. Tena hawakuweka vinanda vya Hollywood chini ya kila kitu, ngoma na nyimbo unazosikia ni za Kiafrika. Na picha, manze, picha! Robert Surtees alizunguka na kamera Murchison Falls kule Uganda, Rumuruti na Machakos hapa kwetu, Tanganyika, Kongo, na akapata tuzo ya Oscar. Waliohariri wakapata ya pili. Walistahili.

Lakini ndipo penye mtego. Walimpa Umbopa mkuki, wakamnyang'anya mdomo. Kwenye muvi anasimama kama mnara, mrembo, amenyamaza. Kazi yake ni kuonekana. Na angalia majina yanapopita kwenye kioo. Aliyemwigiza Umbopa anaitwa Siriaque. Jina moja, halafu ameandikwa ni wa kabila la Watusi. Aliyemwigiza Khiva anaitwa Kimursi, wa kabila la Kipsigis. Mtu wetu wa Bonde la Ufa. Je, Stewart Granger aliandikwa wa kabila gani? Deborah Kerr, Mskoti, aliandikwa wa ukoo gani? Hao wana jina la kwanza na la pili na baadaye wana muvi nyingine. Siriaque na Kimursi wana kabila. Umeelewa tofauti? Mmoja anaorodheshwa kama msanii, mwingine kama mnyama wa mbuga ambaye lazima utaje ametoka wapi.

Picha zilizobaki hawakuzitupa. MGM walizitumia tena kwenye muvi yao ya 1959, Watusi, na kwenye Tarzan ya mwaka huo huo. Yaani babu za watu waliendelea kucheza, miaka inaenda, kwenye muvi ambazo hawakujua zipo. Na miaka sabini baadaye mimi nikaja nikazikata tena, nikaweka jina langu pembeni. Ona hiyo familia niliyojiunga nayo.

Mtu anaweza kusema wakati huo hakuna mwigizaji mweusi angepewa zaidi. Uongo. 1937 walikuwa na Paul Robeson. Paul Robeson! Sauti iliyojaza kumbi za dunia. Na wakampa Umbopa gani? Umbopa wa kuimba njiani. Robeson alikuwa ameshaumwa na nyoka huyo mara moja: 1935 aliigiza kwenye Sanders of the River, na muvi ilipotoka akakuta imegeuzwa sifa kwa ukoloni, akaikasirikia wazi. Kwa wasiojua, kwenye hiyo Sanders kuna kijana wa Kikuyu alikuwa London akasimama kama mmoja wa watu wa nyuma. Jina lake Jomo Kenyatta. Rais wetu wa kwanza aliwahi kuwa mandhari ya mzungu. Kwa hivyo usiniambie hii hadithi haituhusu.

Sasa nifike kwenye kitu kilichonifanya niandike.

Karibu na mwisho wa kitabu, wale wazungu wanaaga wanataka kwenda kwao. Ignosi anahuzunika, ni marafiki zake. Halafu anawaambia kitu. Kwa maneno yangu: ninyi watatu mkirudi, mlango uko wazi. Lakini mzungu mwingine yeyote hatavuka milima hii. Sitaki wafanyabiashara wao na bunduki na pombe. Watu wangu watapigana kwa mkuki na kunywa maji kama babu zao. Sitaki watu wa kuja kuwatia watu wangu hofu ya kifo na kuwatengenezea njia wengine. Akija mmoja nitamrudisha. Wakija mia nitawasukuma. Likija jeshi nitapigana nalo.

Hiyo imeandikwa na Mwingereza mwaka 1885! Mwaka ule ule mkutano wa Berlin umemalizika Februari, wazungu wamekubaliana masharti ya kugawana Afrika. Na huyu Haggard sio mtakatifu. Alifanya kazi kwa serikali ya Uingereza kule Natal na Transvaal, na 1877 alisaidia kupandisha bendera ya Uingereza Pretoria. Mtu wa bendera. Na bado, akiwa anatunga hadithi ya vijana, kalamu yake ikampa mfalme mweusi hoja ambayo yeye mwenyewe hakuweza kuijibu. Hakuna mzungu kwenye ukurasa ule anayemwambia Ignosi amekosea.

Muvi ya 1950 inaishia wapi? Umbopa ameshinda, anawapa wageni watu wa kuwasindikiza, kwaheri. Ile hotuba ya Ignosi haipo.

1950, jamani. Fikiria huo mwaka hapa Kenya. Miaka miwili kabla ya hali ya hatari kutangazwa. Kampuni inapiga picha Machakos na Rumuruti kwa ruhusa ya serikali ya kikoloni. Unadhani kungekuwa na kioo kizima cha sinema chenye Mwafrika anayesema mzungu mwingine asivuke? Sijui nani alikaa kwenye meza gani akasema kata hapo, na sitamsingizia mtu. Nasema tu kilichokatwa, na mwaka uliokatwa, vinaonekana kwa macho.

Na hapa ndipo naongea kama mtu wa boda. Sisi huku tunajua mstari ni nini. Kabla ya 1902 hapa tunapokaa palihesabiwa Uganda. Waingereza wakahamisha mpaka kwa karatasi, tukaamka Kenya. Wasamia wako huku na kule. Wateso wako huku na kule. Shangazi yangu ameolewa upande ule, akija matanga anapanga laini na watu wa trela. Neno lenyewe boda boda lilizaliwa hapa, vijana na baiskeli wanabeba watu kuvuka ile nafasi katikati, wanaita abiria "boda, boda". Tulifanya biashara na utani kutoka kwenye mstari ambao hatukuuchora.

Sasa kuna kitabu ambacho Mwafrika anasimama mwenyewe na kusema mpaka wangu uko hapa, na mimi ndiye ninayeamua nani anavuka. Na hao marafiki zangu nawajua kwa majina. Huyo Mwafrika ni wa kutungwa, ndiyo. Lakini mimi niliyekulia Busia nilipomsoma nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo. Kwa sababu hakuna mtu alikuwa ameniambia anasema hivyo. Muvi tatu, na hakuna aliyeniambia.

Lakini kuna mtu alikaribia.

Nikiwa darasa la tatu hivi, tulikuwa tunavuka na binamu zangu kwenda kibanda cha video upande wa Sofia. Mabenchi ya mbao, pazia jeusi mlangoni, jenereta nyuma. Mnajua venye upande ule muvi haitazamwi kavu. Kuna VJ anasimulia juu yake kwa Kiganda, kama huku kwetu DJ Afro anavyosimulia kwa Kiswahili. Kile kibanda kilikuwa na mtu wao wa papo hapo, na kipaza sauti, mzee mmoja mwembamba wa sauti nzito. Siku hiyo akaweka ile Mashimo ya 1985, ya Richard Chamberlain. Kuna mahali wazungu wanatiwa kwenye sufuria kubwa na Waafrika, moto chini, mboga zinaelea. Upuuzi mtupu, Zimbabwe nzima imekodishwa kwa ajili ya huo upuuzi. Mzee akanyamaza kidogo. Halafu akasema kwa Kiganda, binamu yangu akanitafsiria kwa Kisamia sikioni: "Hawa si watu wetu. Hawa wamelipwa wakae hivi, na mwenye sufuria ni huyo mwenye kamera." Kibanda kizima kikacheka. Na alipotokea Umbopo, wameandika hivyo, ameigizwa na Ken Gampu wa Afrika Kusini, mzee akampa maneno. Kila Umbopo akifungua mdomo mara moja, mzee anamwongezea sentensi tano. Akamfanya awatukane wazungu kwa adabu. Akamfanya awaulize wanatafuta nini kwenye ardhi ya watu.

Sina hakika kama yule mzee aliwahi kusoma Haggard. Lakini alimrudishia Umbopa mdomo wake, kwa kipaza sauti cha bei rahisi, tukilipa shilingi mia mbili za Uganda.

Miaka ikaenda. Nikiwa chuo, kabla karo haijanishinda mwaka wa pili, mwalimu mmoja alitufundisha filamu na fasihi. Nikamweleza habari ya VJ. Akaniambia kusimulia juu ya filamu ni kuharibu kazi ya sanaa, kwamba filamu ya kale inafaa kutazamwa jinsi mwenyewe alivyoiacha. Nikauliza, na riwaya je, ilitazamwa jinsi mwenyewe alivyoiacha? Deborah Kerr aliingia kupitia dirisha gani? Akaniambia nikae. Nikakaa.

Leo nasimama. Mwalimu, kwa heshima zote: MGM wakimwongeza mwanamke mzima kwenye kitabu cha mtu, hiyo inaitwa sanaa. Mzee wa Sofia akiongeza sentensi tano, hiyo inaitwa uharibifu. Wote wamefanya kazi moja, wamechukua hadithi ya mtu mwingine wakaisimulia kwa watu wao. Tofauti ni Oscar na jenereta. Ukipima kwa uaminifu kwa Umbopa, jenereta imeshinda.

Wengine mtasema, wewe uliacha chuo, utatufundisha nini kuhusu vitabu vya Victoria? Haya, kitabu hakikuniuliza transkripti. Wengine mtasema, achana na Haggard kabisa, ni mkoloni, tuandike vyetu. Hiyo hoja naiheshimu, ndiyo ngumu kuliko zote. Kitabu chake kina madoa. Kuna wazungu wanawadanganya Wakukuana kwamba wamezima mwezi, kumbe wamesoma kalenda tu. Ni jua alilozima kwanza, akabadilisha baadaye kwa sababu hesabu yake ya nyota haikuingiana. Foulata anauawa ili mzungu asilazimike kumwoa, na yeye mwenyewe anaambiwa ashukuru. Hayo siyatetei.

Lakini sikiliza. Tukikiacha, hakiondoki. Wataendelea kukitengeneza wao, na kila mara watakuja kupiga picha kwetu, na kila mara klipu itaturudia sisi tuiite Afrika yetu. Tuandike vyetu, ndio, na tuchukue hiki pia. Haggard alikufa 1925. Kwa sheria ya Kenya hakimiliki ya kitabu inakaa miaka hamsini baada ya mwandishi kufa, kwa hivyo tangu 1975 kilishaisha. Muvi zina wenyewe. Kitabu ni chako, ni changu, ni cha yule jamaa anauza mitumba karibu na stendi. Hakuna wa kuombwa ruhusa. Hakuna mwenye kukulazimisha uanze na Quatermain.

Anza na mama anayekimbia na mtoto juu ya milima. Anza na mtoto anakua ugenini anafundishwa kwa siri jina lake la kweli. Fika kwa wazungu dakika ya arobaini. Wape dakika zao kumi. Foulata aishi, kama unataka aishi. Malizia na hotuba. Hiyo muvi haijatengenezwa na mtu yeyote, tangu 1885 mpaka leo.

Nimefanya mambo mawili. La kwanza, ile klipu nimeifuta asubuhi ya leo. Najua namba zangu zitaanguka, na kusema ukweli roho imeniuma, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa inalipa bando na wakati mwingine chakula. Imeenda. Mkiikuta mahali ina jina langu, mwambieni aliyetuma kwamba wale ni Wanyarwanda, kwamba ni 1950, kwamba kamera haikuwa yetu.

La pili, nimeitafsiri ile hotuba ya Ignosi kwa Kiswahili cha huku, mwenyewe, na Jumapili tunaipiga picha kando ya mto Sio kwa simu. Atakayeisema ni rider mmoja wa boda mnayemfahamu kwa sura, mrefu kama Siriaque, na tofauti na Siriaque anaongea sana, hata abiria huwa wanamlalamikia. Mwishoni tutaandika jina lake la kwanza na la pili. Kabila lake hatutaandika.

Mwenye kipaza sauti cha kuazima, niandikie. Mwenye jenereta, njoo nayo.